Nimegombana na mdogo wangu, siku ya nne sasa mwili haujatulia

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Likoni. Kwetu ni Majengo, huko kisiwani Mombasa, ambako Mama bado anakaa kwenye nyumba aliyotuachia marehemu Baba. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, nyumba bila ardhi kama zilivyo nyingi mtaani kwetu: kuta na mabati ni yetu, kiwanja kina mwenyewe na tunamlipa kodi yake. Mama ana chumba kimoja, mdogo wangu na mkewe na watoto wana viwili, na vitatu vina wapangaji. Mdogo wangu ndiye anayekusanya kodi. Baba alipofariki tulikubaliana kwamba kabla ya jambo lolote, pesa za dawa za Mama za presha na sukari zitolewe humo.

Jumapili iliyopita nilivuka kwenda kumjulia hali. Nikamkuta amevimba miguu. Namuuliza habari za dawa, ananiambia zimekwisha wiki ya tatu sasa, na kwamba nisimsumbue mwenzangu kwani ana shida zake. Shangazi, pale pale nilihisi kitu kinanipanda kutoka tumboni. Tangu asubuhi nilikuwa nimekula mahamri mawili tu, jua lilikuwa kali, na feri niliisubiri hadi nikachoka. Nikatoka hadi barazani. Mdogo wangu alikuwa amekaa na simu yake. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida, Mungu ni shahidi wangu. Akanijibu bila kuinua macho: "Dada, wewe umeolewa. Mambo ya nyumba hii tuachie wenyewe."

Niliyoyasema baada ya hapo siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyekaanga maandazi alfajiri miaka minne ili yeye alipiwe ada ya sekondari, na kwamba hata hiyo sekondari ilimshinda. Nilisema hayo kwa sauti ambayo wapangaji wote waliisikia. Wifi yangu alikuwa mlangoni. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa anakula embe, akaacha kutafuna. Mdogo wangu naye akaniambia nakuja pale kuhesabu pesa, si kumwona Mama. Nikasikia Mama analia chumbani. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka bila kumuaga.

Ndani ya matatu mpaka feri mikono ilikuwa inatetemeka hata sikuweza kuhesabu chenji. Nikampigia shoga yangu mmoja, nikamsimulia. Kwenye feri nikampigia wa pili. Nyumbani nikamsimulia mume wangu, na magharibi jirani alipokuja kuomba chumvi, nikamsimulia yeye pia. Wote waliniambia nina haki, lakini kila nikisimulia, moyo unadunda upya kama vile ndiyo kwanza ananijibu. Shoga yangu alinishauri nitoe yote, nisiweke kitu moyoni, nisije nikapata presha. Basi saa saba usiku nikaichukua simu nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, ambalo lina ami zangu na mabinamu wa Mtwapa na Malindi, nikatuma jumbe za sauti kumi na moja. Asubuhi nilizifuta. Zilikuwa zimeshasikilizwa.

Mume wangu ananiambia nimeze tu, huyo ni ndugu yangu. Nimejaribu kumeza, Shangazi, hapiti. Jumatatu nilipima presha duka la dawa, ikasoma 158 kwa 96, na mimi sijawahi kuwa na presha. Usiku naamka saa tisa nikiwa namjibu kichwani maneno mazuri ambayo nilistahili kuyasema siku ile. Jana nilimfokea mwanangu kwa sababu ya kikombe cha maji kilichomwagika.

Jumapili hii kuna hitma ya Baba, anatimiza mwaka. Lazima niwepo. Nisaidie kwa mambo mawili: mtu akishatoka kwenye ugomvi, anautulizaje mwili huu? Na nitaketije mkeka mmoja na mdogo wangu?

Dada Mkubwa, Likoni

—

Waaleikum salaam mwanangu,

Ugomvi wenu uliisha Jumapili alasiri, pale ulipochukua mkoba. Mwili wako bado haujapata habari hiyo, na ndiyo maana nitaanza na mwili. Ya mdogo wako na ya nyumba nitayafikia.

Ile mikono iliyoshindwa kuhesabu chenji si udhaifu wala si laana ya kutomuaga Mama. Mtu anapotukanwa au kudharauliwa, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, homoni ya hatari, kwenye damu. Moyo hukimbia, misuli hukaza, pumzi huwa fupi, na akili huona jambo moja tu: yule aliye mbele yako. Adrenalini yenyewe haikai sana, baada ya dakika chache huanza kupungua. Lakini nyuma yake huja homoni nyingine, kotisoli, ambayo hupanda taratibu na inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kabla haijashuka. Kwa hiyo kutetemeka mpaka feri, na hata mpaka nyumbani Likoni, ni jambo la kawaida kabisa kwa binadamu.

Siku nne si kawaida. Na hapa nitakwambia neno ambalo huenda lisikupendeze. Nimehesabu katika barua yako: shoga wa kwanza, shoga wa pili, mume, jirani wa chumvi, jumbe kumi na moja, na yale majibu ya saa tisa usiku. Mdogo wako mmegombana mara moja. Wewe umegombana naye zaidi ya mara kumi, na katika hizo zote isipokuwa moja yeye hakuwepo. Mwili hautofautishi vizuri kati ya kugombana na kusimulia ugomvi kwa uchungu ule ule. Ukilitamka tena lile neno "umeolewa" kwa sauti yake, tezi zinamwaga tena. Mbuzi hula majani asubuhi, kisha jioni akalala chini anayarudisha mdomoni na kuyatafuna upya. Hasira nayo hucheuliwa hivyo, na wewe umekuwa ukicheua tangu Jumapili.

Shoga yako alikushauri kwa mapenzi, na ushauri wake ni ule ambao karibu kila mtu huutoa: toa yote. Lakini jambo hilo limepimwa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi 600 wa chuo kikuu. Waliandika insha, kisha wakaletewa maneno makali ya kuzibeza. Baadhi yao wakapewa gunia la ndondi walipige huku wakimfikiria yule aliyewabeza. Wengine walilipiga wakifikiria mazoezi, na kundi la tatu lilikaa kimya dakika chache bila kufanya lolote. Walioishia na hasira nyingi zaidi ni wale waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao. Waliokaa kimya tu ndio waliokuwa wapole zaidi. Mwaka 2024 Bushman na mwenzake Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 zenye watu zaidi ya 10,000, wakakuta jambo lile lile: kinachopunguza hasira ni kile kinachopoza mwili, kama kupumua taratibu na kulegeza misuli. Kukimbia, ambako wengi hukusifia kwamba "kunatoa hasira", hakukusaidia. Basi mtu akikwambia nenda kapige mto au katwange kinu mpaka hasira ziishe, mshukuru na usiende.

Na mumeo? Yeye amekwambia umeze. Naelewa anachotaka, anataka amani nyumbani mwake. Lakini donge lako lina mfupa ndani, nao ni dawa za Mama. Hilo halimezeki na halipaswi kumezwa. Ninachokuomba ni mpangilio tu: kwanza mwili upoe, kisha jambo lizungumzwe. Ukiubadilisha mpangilio huo unapata jumbe za sauti za saa saba usiku.

Kupoa kwenyewe kunachukua muda gani? John Gottman, aliyetumia miaka mingi kuwachunguza wanandoa wakibishana huku wamefungwa vipimo vya moyo, anasema moyo ukivuka mapigo 100 kwa dakika mtu hasikii tena anachoambiwa, hata akitaka. Anapendekeza mapumziko yasiyopungua dakika 20. Katika jaribio moja waliwasimamisha wanandoa katikati ya ubishi kwa kisingizio kwamba mitambo inahitaji kurekebishwa, wakawapa magazeti wasome kwa karibu nusu saa. Waliporudi kwenye mazungumzo, walikuwa kama watu wengine. Hakuna aliyewashauri kitu. Walisoma magazeti tu, na mioyo ikashuka.

Nusu saa ya kusoma gazeti. Nusu saa ya kwako ilikuwa ya kupiga simu.

Sasa tuingie Majengo. Siku nyingine ukihisi kile kitu kinapanda kutoka tumboni (na umeshakijua kinapoanzia, hiyo ni faida kubwa) usingoje kifike mdomoni. Mwambie: "Nimepandwa na hasira, natoka nusu saa, nitarudi tumalize." Hiyo nusu saa uitaje. Mtu akiondoka bila kusema atarudi lini, aliyebaki huhesabu kwamba amesusiwa, na kususa ni ugomvi mwingine juu ya ule wa kwanza. Kisha usitoke kwenda baraza la jirani, maana pale utaulizwa "kuna nini?" na utaanza kucheua. Ingia chumbani kwa Mama ukae chini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae, na hasira isipoondoka alale. Alitufundisha pia anyamaze. Hayo tumeyasikia tangu madrasani, lakini ni wangapi kati yetu huyafanya siku yenyewe? Jaribu kumgombeza mtu ukiwa umelala chali. Sauti haitoki.

Tawadha, hata kama si wakati wa sala. Na maji ya uso yawe ya baridi kama yapo, ya mtungini au ya friji, uyaache usoni ukiwa umebana pumzi kidogo. Maji baridi usoni huufanya moyo upunguze kasi, ndivyo mwili ulivyoumbwa, kana kwamba unajiandaa kupiga mbizi. (Mwenye maradhi ya moyo amwulize daktari kwanza kabla ya hilo la kubana pumzi.)

Halafu pumzi. Naomba usiipuuze kwa kuwa ni ya bure. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja hadi nne, kisha itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi saba au nane, kama anayepoza uji. Siri iko kwenye kutoa: mtu anapotoa pumzi moyo hupunguza mwendo, anapovuta huongeza. Ukirefusha kutoa, unaushika moyo mkono na kuurudisha nyumbani. Fanya dakika tano. Pumzi mbili hazitoshi, watu wengi hufanya mbili kisha wakasema haifanyi kazi.

Na kula. Mahamri mawili tangu asubuhi, jua la Mombasa, kusimama feri! Mwanangu, ulifika kwa mdogo wako tayari ukiwa kuni kavu. Simwondolei kosa lake, ila ningependa siku nyingine ukifika kwa Mama unywe maji kwanza na utie kitu tumboni kabla ya kuuliza swali lolote zito. Kahawa iache kwa wakati huo, itakurudisha mbio.

Feri ninaitaja peke yake kwa sababu ndipo ulipoharibikiwa. Una bahati ya kuwa na bahari kati yako na ugomvi wako, na unavuka bila kulipa. Wengine wanatoka jikoni kwenda sebuleni tu. Ukiwa pale simu ibaki mkobani. Toa macho nje: ile meli inayoingia Kilindini ina rangi gani ubavuni? Kunguru wangapi wamekaa kwenye ile paa? Mkokoteni ule umebeba nini, viazi au vitunguu? Sikiliza honi, nusa mafuta na chumvi. Itaonekana mchezo wa mtoto, lakini akili haiwezi kuhesabu kunguru na kumjibu mdogo wako kwa wakati mmoja. Ukigundua umerudi kwake, usijilaumu, anza kuhesabu tena.

Hao uliowasimulia sasa. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Shoga zako wameshakwambia una haki, na mkipatana kesho wao watabaki wamemchukia mdogo wako kwa niaba yako. Sikwambii usimwambie mtu kamwe. Chagua mmoja, umwambie mara moja, na awe mtu anayeweza kukuuliza, "Na wewe ulisema nini?" Anayekuongezea kuni mkwepe kwa wiki hii.

Kuhusu saa tisa usiku. Simu mpe mumeo aiweke chumba kingine, na umweleze sababu, hatakucheka. Ukiamka na majibu kichwani, usilale ukipigana nayo gizani. Washa taa, chukua daftari la mtoto na kalamu, uandike yaliyotokea Jumapili, lakini si kama wewe. Andika kama mzee mmoja aliyekuwa amekaa baraza la ng'ambo ya njia, anayewapenda nyote wawili tangu mkiwa watoto, akayaona yote. Angesema nini? Angemwona dada aliyetoka mbali, na njaa, na hofu ya miguu ya mama yake. Pengine angemwona pia kijana aliyeulizwa pesa mbele ya watu. Eli Finkel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern waliwafuatilia wanandoa 120 kwa miaka miwili. Mwaka wa pili, nusu yao waliombwa waandike hivyo juu ya ugomvi wao, kwa jicho la mtu wa tatu anayewatakia wote mema, dakika saba kila baada ya miezi minne. Walioandika mapenzi yao hayakuendelea kushuka, ya wenzao yaliendelea. Nyie si mke na mume, lakini baraza ni lile lile. Ukimaliza funga daftari. Usimtumie mtu.

Presha yako nisiache kuisema. Kipimo kimoja, siku moja baada ya vurugu na bila usingizi, hakitoshi kukuita mgonjwa. Lakini usikipuuze pia, kwa umri wako na kwa kuwa Mama anayo. Pima tena siku tofauti: kaa kimya dakika tano kwanza, miguu chini, usiwe umekunywa kahawa nusu saa kabla. Ikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, nenda kwa daktari. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho kuona giza au upande mmoja kuwa dhaifu, usingoje asubuhi.

Lile neno lake, "umeolewa", ninalijibu kwa ufupi kwa sababu ni kosa na sitaki likukae. Ndoa haimwondolei binti urithi wa baba yake. Kwa sheria ya Kiislamu binti ana fungu lake, nusu ya la mwana wa kiume, na Mama kama mjane mwenye watoto ana thumni, yaani moja ya nane. Nyumba bila ardhi nayo ni mali ya marehemu. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Kadhi hapa Mombasa husikiliza mirathi ya Waislamu. Ukilijua hilo hutahitaji kupiga kelele, kwani anayepiga kelele mara nyingi ni yule anayeogopa kwamba hana pa kwenda. Ila si wiki hii, na si siku ya hitma.

Nina jambo langu dogo. Niliwahi kukaa miaka miwili bila kusema na dada yangu kwa kauli moja niliyoitoa jikoni siku ya harusi. Kauli yenyewe haikufika sekunde tano. Muda wote huo nilingoja aanze yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza. Nilikuwa na haki, na haki hiyo haikunifaa kitu Idi zote nne nilizokula bila yeye. Ndiyo maana nakuharakisha.

Kwa hiyo omba radhi kabla ya Jumapili, ukiwa umepoa, kwa lile lililo lako tu. Mpigie, usimwandikie. "Mdogo wangu, nilikosea kukutajia ada na shule mbele ya wapangaji na mbele ya wanao. Nisamehe." Kisha unyamaze. Usitie "lakini" hapo, "lakini" moja inafuta yote. Akikujibu vibaya, mwambie umesikia, ukate simu kwa heshima, ukahesabu kunguru. Siku nyingine baada ya hitma, wewe na yeye na Mama mkae juu ya pesa za dawa, na ningependelea kabla ya kikao mwandike kwenye karatasi kodi inaingia kiasi gani na inatoka vipi. Huenda wapangaji hawajalipa, huenda mwenye kiwanja amepandisha. Hukumuuliza, na yeye hakukwambia. Swali lako la Jumapili lilikuwa la haki na bado linadai jibu.

Lile kundi la familia nalo lina deni. Ulimvunjia heshima mbele ya ami zenu, radhi nayo ipite pale pale, mistari miwili ya maandishi, bila kueleza nani alianza.

Na yule mtoto wa embe. Nimekusoma mara tatu na kila mara nimesimama pale alipoacha kutafuna. Wewe ni shangazi yake. Jumapili mvute kando umwambie kwamba ulisema vibaya kuhusu baba yake kwa sababu ulikuwa na hasira, na kwamba baba yake ni mdogo wako unayempenda. Mwanao wa kikombe cha maji mwambie usiku huu huu.

Mkeka mmoja unaniuliza utaketije. Vuka mapema, kabla ya watu. Ukishuka feri fanya zile dakika tano za pumzi ukiwa bado hujapanda matatu. Ukifika, mpe wifi yako mkono kwanza, kwa sababu naye alikuwa mlangoni na hakuna aliyemuuliza habari, kisha ingieni jikoni pamoja mchague mchele. Mikono ikiwa na kazi macho hayalazimiki kukutana. Salamu na mdogo wako zitakuja zenyewe kati ya sufuria na wageni, na zikiwa fupi, ziache ziwe fupi.

Haya yote nimeyasema kwa ugomvi wa maneno kati ya ndugu. Msomaji mwingine ambaye anapigwa au kutishwa nyumbani asihesabu pumzi, atafute usalama, na nambari 1195 hupigwa bure nchini Kenya.

Dawa za Mama za mwezi huu zinunue leo, mwanangu, wewe mwenyewe, umpelekee au umtume mtu wa kuaminika avuke nazo. Miguu iliyovimba wiki ya tatu bila dawa haiwezi kungoja mpaka mpatane, na hata zikifika mkononi mwake aende kuonwa na daktari. Risiti iweke kwenye lile daftari.

Shangazi